Kinasa Sauti Kilichobaki Kitabuni: Historia ya Vyombo vya Kufundishia Fasihi Simulizi Nchini Kenya

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa unayejiandaa kwa Karatasi ya Tatu ya Kiswahili, naomba tuanze na swali la kawaida kabisa: "Fafanua vifaa vitano ambavyo mtafiti anaweza kuvitumia kukusanya data ya fasihi simulizi nyanjani." Jibu unalo. Utataja kalamu na daftari, kinasa sauti, kamera, video na tarakilishi. Ukiulizwa udhaifu wa kinasa sauti, utasema kwamba hakinasi ishara za uso wala mazingira, na kwamba betri zake huweza kuisha. Msahihishaji atakutuza, nawe utaendelea na swali la ushairi.

Sasa nikuulize jingine ambalo halimo katika karatasi yoyote. Je, umewahi kuketi mbele ya mtambaji wa ngano ukiwa na kinasa sauti mkononi? Huwauliza wanafunzi wangu wa Kidato cha Nne swali hili kila mwaka, na mikono inayoinuka haizidi vidole vya mkono mmoja. Tuna watahiniwa wanaozijua kasoro za chombo wasichowahi kukigusa, mithili ya mtu anayekariri adabu za mezani ilhali hajawahi kualikwa karamuni.

Makala haya yanafuatilia historia ya vyombo vilivyotumiwa kuhifadhi na kufundishia fasihi ya Kiswahili nchini mwetu, kuanzia kalamu hadi rununu. Dai langu ni moja. Vyombo hivyo ni vya aina mbili: kuna vinavyosema ili mwanafunzi asikie, na kuna vinavyomsikiliza mwanafunzi na jamii yake. Kwa muda mrefu shule zetu zimevilaki vile vya kwanza kwa shangwe na kuviacha vya pili vikae kitabuni. Utanzu ulioumia zaidi ni fasihi simulizi, kwa sababu uhai wake umo katika utendaji. Bila fanani na hadhira, kinachobaki ni orodha ya sifa na dhima.

Kalamu kabla ya mashine

Wengi wetu tukisikia neno teknolojia hufikiria mara moja mashine inayotumia umeme. Hata hivyo, hati ya maandishi nayo ni teknolojia, na ndiyo ya kwanza kuisaidia fasihi simulizi ya Waswahili kuvuka vizazi. Waswahili wa pwani waliandika tungo zao kwa herufi za Kiarabu muda mrefu kabla ya wamishenari kuja na matbaa zao.

Mfano ulio wazi ni wa Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki yapata mwaka wa 1840. Mashairi mengi yake yaliishi vinywani mwa watu wa Mvita. Baadaye katika karne hiyo ya 19, Mwalimu Sikujua bin Abdallah alijitwika kazi ya kuyakusanya kutoka kwa waliokuwa wakiyakumbuka, akashirikiana na mmishenari W. E. Taylor aliyekuwa Mombasa. Diwani ya Muyaka ilichapishwa mwaka wa 1940 na William Hichens, takriban miaka 100 baada ya mtunzi kuaga dunia. Huko Unguja nako, Askofu Edward Steere alikuwa amesikiliza ngano za wenyeji na kuzichapisha mwaka wa 1870 katika kitabu Swahili Tales.

Zingatia alichokifanya Mwalimu Sikujua. Alikwenda kwa watu, akasikiliza, kisha akaandika. Kwa istilahi za silabasi yetu, alitumia mbinu ya mahojiano na kifaa cha kalamu. Faida yake unaiona: bila yeye na wenzake, huenda tungelijua jina la Muyaka na kukosa tungo zake. Hasara yake pia unaiona: maneno yalihifadhika, sauti ikapotea. Leo hatujui shairi lipi lilighaniwa kwa mahadhi gani, wala hadhira ilicheka wapi na kunyamaza wapi. Kumbuka hoja hii, kwa kuwa ni chombo gani kinahifadhi nini na kinapoteza nini ndilo swali litakalotufuata hadi mwisho wa makala.

Santuri na utungo uliokatwa

Chombo kilichofuata kilihifadhi sauti yenyewe. Mwaka wa 1928 Siti binti Saad wa Unguja alisafiri hadi Bombay pamoja na wenzake kurekodi nyimbo za taarabu kwa kampuni ya HMV. Santuri hizo zilisikika katika miji ya pwani yote, na wimbo wa Kiswahili ukaweza kusikika mahali ambapo mwimbaji hayupo.

Hata hivyo, upande mmoja wa santuri za wakati huo ulibeba muda wa dakika 3 hivi. Onyesho la taarabu huweza kuendelea usiku kucha, beti zikirudiwa kwa kadiri hadhira inavyotunza na kushangilia. Mbele ya mashine, wimbo ulilazimika kuanza na kwisha kabla ya sahani kujaa. Chombo kikawa kimetia mkono wake katika umbo la utungo.

Mtahiniwa, hii ni hoja unayoweza kuitumia. Ukiulizwa jinsi teknolojia inavyoathiri fasihi simulizi, usiishie kusema kwamba "teknolojia imefanya vijana kupuuza ngano." Eleza pia kwamba chombo cha kuhifadhia hubadilisha urefu wa utungo, nafasi ya ukariri na nafasi ya hadhira. Toa mfano wa santuri. Hoja yenye mfano halisi ina uzito ambao hoja ya kukariri haina.

Redio: chombo kinachosema

Matangazo ya redio yalianza nchini mwaka wa 1928, mwaka uleule wa safari ya Siti, lakini yalikuwa ya Kiingereza na yaliwalenga walowezi. Vita vya Pili vya Dunia ndivyo vilivyoisukuma serikali ya kikoloni kuwatangazia Waafrika kwa Kiswahili na lugha nyingine. Baada ya uhuru, mwaka wa 1964, shirika la utangazaji liligeuzwa kuwa Sauti ya Kenya, nalo likawa pia mlango wa vipindi vya shule vilivyotayarishwa kwa ushirikiano na wataalamu wa Taasisi ya Elimu ya Kenya.

Redio iliifaa lugha ya Kiswahili kwa njia nyingi. Iliwapa wanafunzi wa bara matamshi na msamiati wasioupata kijijini. Ilikuza ushairi, kwa kuwa malenga walisikika hewani. Vipindi kama "Je, Huu ni Ungwana?" cha Leonard Mambo Mbotela, kilichoanza mwaka wa 1966, viliwafunza wasikilizaji adabu kwa Kiswahili sanifu na kitamu.

Darasani hali ilikuwa tofauti kidogo. Kipindi cha redio hakimsubiri mwalimu. Kikianza saa nne na robo wakati ratiba ya shule inasema Hisabati, basi kimekupita. Kikisemwa upesi mno, huwezi kukirudisha nyuma. Zaidi ya hayo, redio haisikii swali la mwanafunzi. Mtoto anaweza kuketi mbele yake kwa nusu saa pasipo kufungua kinywa.

Kulikuwa na jaribio moja la kuiondoa kasoro hiyo. Kati ya mwaka wa 1980 na 1985, Taasisi ya Elimu iliendesha mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa ya chini ya shule za msingi, kwa ufadhili wa Marekani. Waandaaji waliacha vipindi vya kimya makusudi katika matangazo. Mtangazaji aliuliza, akanyamaza, watoto wakajibu kwa sauti, kisha akaendelea. Somo lilikuwa la Kiingereza, lakini funzo ni la walimu wa lugha yoyote. Waandaaji hao walikuwa wametambua kwamba kinachomfunza mtoto lugha ni kile anachokisema mwenyewe. Tulichohitaji ni kulihamisha funzo hilo hadi kwenye ngano, vitendawili na malumbano ya utani.

Kaseti na vuguvugu la fasihi simulizi

Turudi nyuma kidogo. Mwaka wa 1963 kampuni ya Philips ilitoa kanda ndogo ya kaseti. Miaka 5 baadaye, mwaka wa 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wao maarufu katika Chuo Kikuu cha Nairobi wakitaka Idara ya Kiingereza iondolewe na fasihi ya Afrika iwekwe kitovuni. Moja ya hoja zao kuu ilikuwa kwamba fasihi simulizi ni fasihi hai na inastahili kusomwa kwa uzito. Mwaka wa 1974 walimu na wasomi walikutana katika Shule ya Nairobi kujadili ufundishaji wa fasihi ya Afrika katika shule za upili.

Matukio haya mawili, la kaseti na la waraka, hayakupangwa pamoja, ila yalifaana kama chanda na pete. Ukisema kwamba fasihi simulizi isomwe kwa uzito, ni lazima kwanza uipate. Haimo maktabani. Imo kwa bibi, kwa manju, kwa ngariba, kwa mvuvi anayeimba wimbo wa kuvuta jarife. Mtafiti alihitaji chombo chepesi, cha bei nafuu na kinachotumia betri. Kaseti ilikuwa hicho. Tena tofauti na santuri, kaseti iliweza kurekodi kwa muda mrefu, na tofauti na redio, iliweza kusimamishwa na kurudishwa nyuma. Zaidi ya yote, ilikuwa na kitufe chekundu. Redio ilitaka tunyamaze. Kaseti ilituomba tuseme.

Jinsi kinasa sauti kilivyogeuka kuwa jibu

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na za upili. Mtihani wa kwanza wa KCSE ulifanywa mwaka wa 1989. Baadaye fasihi simulizi ilipata nafasi yake katika Karatasi ya Tatu, bega kwa bega na riwaya, tamthilia, hadithi fupi na ushairi. Mada ya ukusanyaji wa kazi za fasihi simulizi ilitiwa ndani ya silabasi: umuhimu wake, mbinu zake, hatua zake, vifaa vyake na matatizo yake.

Nia ilikuwa njema. Ila jambo linapotahiniwa kwa maandishi peke yake, hufundishwa kwa maandishi peke yake. Mwalimu ana vipindi vyake, ana riwaya na tamthilia za kumaliza, ana wanafunzi 50 au zaidi darasani. Kwenda nyanjani kunadai ruhusa, nauli na siku nzima. Kuandika ubaoni "vifaa vya kukusanyia data" kunadai dakika 10. Basi kinasa sauti, chombo kilichozaliwa ili kisikilize, kikaingia ubaoni kama nukta ya pili katika orodha, kikakaririwa. Hakuna aliyetenda uovu hapa. Ni njia ambayo maji hufuata yakiachwa yajichagulie.

Hali hii iliwaathiri hata waliosoma vitabu vilivyoteuliwa. Makundi ya waigizaji yalizunguka shuleni kuigiza riwaya na tamthilia, kisha maonyesho ya aina hiyo yakauzwa katika kanda za video na baadaye diski. Nayasifu maonyesho hayo, kwa kuwa yanawapa wanafunzi sauti na mwendo wa wahusika. Lakini asiyekisoma kitabu huandika katika mtihani maneno ya mwigizaji ambayo hayamo katika kitabu, na msahihishaji hana pa kuyatuza. Hali kadhalika miongozo: ilianza kwa fotokopi, leo inasambaa katika rununu kama upepo. Mwanafunzi anazo nakala tatu za mwongozo wa Nguu za Jadi na hajafika ukurasa wa 20 wa riwaya yenyewe. Haya nayo ni matumizi ya teknolojia, na yote yanamweka mwanafunzi upande mmoja: upande wa kupokea.

Tarakilishi zaja

Mwanzoni mwa karne hii, tarakilishi ilianza kuonekana kama ufunguo wa kila mlango. Mwaka wa 2005 mradi wa shule za kielektroniki wa NEPAD uliteua shule 6 za upili nchini Kenya kuwa za majaribio. Mwaka wa 2006 Wizara ya Elimu ilitoa mkakati wa kitaifa wa teknolojia ya habari na mawasiliano katika elimu. Mwaka wa 2009 nyaya za baharini zilifika Mombasa na kuleta intaneti ya kasi. Mwaka wa 2016 serikali ilianza kugawa vishikwambi, na zaidi ya milioni 1 vikafikishwa katika shule za msingi za umma. Shule za upili hazikuwamo katika mgao huo.

Lugha yenyewe nayo iliitikia wito. Mwishoni mwa mwaka wa 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wao walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia yenye maagizo ya Kiswahili. Microsoft nayo ikatoa ya kwake mwaka uliofuata. Wataalamu wa msamiati hawakulala. Marehemu Sheikh Ahmed Nabhany, mzaliwa wa pwani ya kaskazini mwa Kenya, anatajwa miongoni mwa waliotupa maneno kama runinga na rununu. Mpaka leo baadhi yetu husema tarakilishi, wengine ngamizi, wengine kompyuta. Mvutano huo ni mada nzuri ya isimu jamii, nami ningependa kuona wanafunzi wakiufanyia utafiti.

Lakini tarakilishi zilipofika shuleni zilikwenda wapi? Katika shule nyingi ziliwekwa katika chumba kimoja chenye vyuma madirishani, ufunguo ukakaa kwa mwalimu wa Masomo ya Tarakilishi. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa mgeni humo. Alipoingia, alikwenda kupiga chapa mtihani wa katikati ya muhula. Projekta ilipopatikana, maelezo yaliyokuwa ubaoni yalihamia ukutani, yakiwa na rangi. Mwanafunzi aliyekuwa akinakili kutoka ubaoni sasa ananakili kutoka ukutani.

Funzo la mwaka wa 2020

Tarehe 15 Machi 2020 serikali ilitangaza kufungwa kwa shule kwa sababu ya janga la korona. Wanafunzi wa Kidato cha Nne walirejea tarehe 12 Oktoba, na shule zote zikafunguliwa Januari 2021. Katika miezi hiyo Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, jina jipya la Taasisi ya Elimu tangu mwaka wa 2013, ilirusha masomo kwa redio, runinga na mtandao. Walimu wengi tulijifunza kutuma maelezo na mazoezi kwa WhatsApp. Waliokuwa na umeme na vifurushi vya data walifaidi. Wasiokuwa navyo walikaa.

Pengo hilo limejadiliwa sana, nami silipuuzi. Ninalotaka kuongeza ni jingine. Kwa miezi ile wanafunzi wetu waliishi nyumbani na wazazi, na wengine na babu na bibi zao, kuliko wakati wowote tangu waingie shule za bweni. Mafanani walikuwa jikoni. Rununu ilikuwa mezani. Nasi tuliwatumia wanafunzi maelezo kuhusu sifa za fanani. Chombo kiliweza kusikiliza, ila tulikitumia kwa kusema.

Rununu moja, wanafunzi 45

Basi tufanye nini? Katika shule nyingi za upili mwanafunzi haruhusiwi kuja na rununu, na sababu zake twazijua sote. Sipendekezi amri hiyo ivunjwe. Napendekeza kazi ya likizo, na rununu moja tu darasani, ya mwalimu. Mpango huu nimeutumia na Kidato cha Tatu katika kaunti ya Kitui, na unaweza kuubadilisha kulingana na mahali ulipo.

Kwanza, kabla ya likizo kila mwanafunzi huteua fanani mmoja na utanzu mmoja: ngano, wimbo, vitendawili, au mawaidha ya miviga. Usimwekee kikomo cha muda. Kumbuka santuri ya Siti.

Pili, fundisha idhini. Mwanafunzi ajitambulishe, aeleze sababu ya kurekodi, aombe ruhusa na kuinasa ruhusa hiyo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019, na ile ya mwaka wa 2016 inayolinda maarifa ya jadi na tungo za kitamaduni. Sauti ya bibi ni mali yake. Haitumwi katika makundi ya WhatsApp ili watu wacheke.

Tatu, rununu ya mzazi iwekwe karibu na fanani, mbali na redio na kuku, na mtandao uzimwe ili asipige mtu katikati ya ngano. Wakati inanasa, mwanafunzi ashike daftari na kuandika yale ambayo chombo hakiyasikii: mikono, macho, nani alicheka, nani aliitikia.

Nne, shule zikifunguliwa, mwalimu ahamishie sauti hizo katika rununu yake, aazime spika, na kuligawa darasa katika vikundi vya kunukuu. Dakika 2 za sauti zinatosha kwa kipindi kimoja, kwa kuwa unukuzi ni kazi ya kusikiliza na kurudia, kusikiliza na kurudia.

Tano, tafsiri. Wengi wa mafanani wetu wa bara hawatambi kwa Kiswahili. Hapa ndipo darasa langu lilipochangamka kuliko nilivyotarajia. Kikundi kimoja kilibishana kipindi kizima kuhusu tanakali moja ya sauti ya Kikamba iliyoeleza jinsi fisi alivyoanguka. Kila neno la Kiswahili walilolijaribu lilikuwa ama zito mno ama jepesi mno. Mwishowe waliiacha ilivyo na kuandika maelezo pembeni. Bila mimi kuwahadithia, walikuwa wamegundua mojawapo ya matatizo makubwa ya kuhifadhi fasihi simulizi kwa maandishi. Kikundi kingine kilitambua kwamba fanani wao, alipoiona rununu, aliacha kuimba sehemu ya wimbo katika ngano na kuisimulia tu. Msichana aliyerekodi alieleza kwamba siku nyingine nyanya yake huiimba. Chombo kilikuwa kimembadilisha fanani.

Haya yanamfaa nini mtahiniwa?

Najua unachofikiri, mtahiniwa. Mtihani hauniulizi nyanya yangu alifanya nini. Kweli, ila tazama majibu haya mawili ya swali kuhusu udhaifu wa kutumia kinasa sauti nyanjani.

Jibu la kwanza: "Kinasa sauti hakiwezi kunasa ishara."

Jibu la pili: "Kinasa sauti hunasa maneno na kiimbo pekee. Ishara za mikono na za uso ambazo fanani hutumia kukamilisha maana hupotea, hivyo anayesikiliza baadaye huenda asielewe kwa nini hadhira ilicheka. Aidha, fanani akitambua kwamba anarekodiwa huweza kubadilisha uwasilishaji wake, kwa mfano kwa kuacha nyimbo au kufupisha ngano."

La kwanza limetaja. La pili limefafanua, likaeleza athari na kutoa mfano. Aliyeliandika hakukariri zaidi ya mwenzake. Aliwahi kukaa mahali fulani akaliona jambo likitokea. Swali likisema "fafanua," uzoefu wa aina hiyo ndio unaokupa sentensi ya pili na ya tatu.

Vivyo hivyo kwa maswali ya sifa za mtambaji bora, umuhimu wa hadhira, au tofauti ya fasihi simulizi na andishi. Mwanafunzi aliyenukuu ngano kwa mkono wake ameiona tofauti hiyo ikitokea baina ya sikio na kalamu.

Hitimisho

Historia tuliyoipitia haisemi kwamba vyombo vya zamani vilikuwa bora wala kwamba vipya vitatuokoa. Mwalimu Sikujua na kalamu yake alihifadhi tungo nyingi ambazo vinginevyo zingepotea. Tarakilishi zilizofungiwa chumbani zimehifadhi vumbi. Tofauti haikutokana na thamani ya chombo. Ilitokana na mahali kilipoelekezwa.

Mtaala wa umilisi umeutaja ujuzi wa kidijitali kuwa mmoja wa umilisi 7 wa kimsingi, na wanafunzi wake sasa wamefika ngazi ya juu ya sekondari. Neno hilo litajadiliwa katika warsha nyingi. Tusikubali liishie katika projekta nyingine na maelezo mengine ukutani. Mafanani wetu ni wazee. Kila muhula tunaoufundisha kwa kukariri vifaa vya kukusanyia data, kuna mtu mahali fulani anayeondoka na ngano zake. Mwalimu, likizo ijayo i karibu. Watume wanafunzi wakasikilize.

Maswali ya mjadala darasani

1. Kwa kurejelea kalamu, santuri, redio na rununu, onyesha jinsi chombo cha kuhifadhia kinavyoweza kubadilisha umbo la utungo simulizi.

2. "Kuirekodi ngano ni kuiua." Jadili kauli hii kwa hoja za kuunga mkono na za kupinga.

3. Mhoji fanani mmoja katika jamii yako. Nukuu dakika 2 za utungo wake, kisha ueleze mambo matatu ambayo maandishi yako yameshindwa kuyahifadhi.